Bikoni Iliyotembea Kila Tulipozika

Baba Katekista, ndugu waombolezaji, majirani wa Mwilale, na nyinyi mliofika kwa magari kutoka Mazwi na Wampembe, kabla hatujaikunjua karatasi hii tunaomba kila mmoja aweke kiganja mdomoni na kuapa moyoni kwamba haya atakayoyasikia hapa kilimani hatayatoa kwa mtu yeyote, si kwa mume, si kwa mke, si kwa shoga yake wa kilabuni, maana sisi wenyewe tuliapa mbele ya marehemu, tukiwa tumeshika rozari yake, kwamba hatutafumbua mdomo, tumekaa na kiapo hicho tangu mwezi Mei kikituwasha kama upupu, na leo tunakivunja mbele ya watu wote hawa, kwa hiyo yule ambaye chake kitamshinda jioni hii tutamwelewa.

Tunajua mnanong'ona kwa nini jeneza limetuliwa hapa juu ya bonde badala ya historia kusomwa uani kama ilivyo desturi, na kwa nini kwaya imeombwa kunyamaza tangu tulipoiacha barabara ya makaburini, lakini ndivyo alivyoagiza mwenyewe, kaeni kwenye majani, shikeni watoto, na mtu asichungulie bondeni mpaka aambiwe.

Marehemu Bertilla Kapele alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 katika kijiji hiki hiki cha Mwilale, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba, wa tatu akiwa ni huyu Rozina anayewasomea, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba Bertilla alitoka tumboni amekunja sura, akamkodolea macho mkunga kana kwamba mkunga kaficha kitu mgongoni, na sura ile hakuibadilisha mpaka alipofumba macho.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1960 mpaka 1963, alipomaliza darasa la nne, akaachishwa kwa sababu baba aliona msichana akijua kusoma barua ya mumewe inamtosha, naye akarudi nyumbani kushika jembe, akalima ulezi, maharage na mahindi, na kwa yale matuta yetu ya duara ya kufukia majani hapakuwa na mwanamke wa kumfikia, ingawa alipomaliza tuta alikuwa akiligeukia mara mbili kuhakikisha halijaguswa.

Alifunga ndoa takatifu na marehemu Kornel tarehe 11 Julai 1970, Kornel akiwa mvuvi wa Wampembe aliyekuwa akipandisha samaki wakavu huku juu, na inajulikana kwamba kabla ya kukubali posa Bertilla alimwambia amwage gunia zima chini aone kama samaki wa chini wanafanana na wa juu, Kornel akamwaga, akasema, "Haya, na mimi nijimwage?" na ukoo mzima ukacheka, ndoa ikapita. Walijaliwa watoto wanne, wawili wametangulia, waliobaki ni Basil, mwendesha bodaboda wa Mazwi, na Jane, aliyeolewa Ilemba, na Kornel mwenyewe alifariki tarehe 2 Februari 2011, akamwachia mkewe shamba hili mnalolikalia sasa hivi.

Sasa tufike kwenye jambo lililomla marehemu roho. Tarehe 9 Agosti 2021 walikuja wataalamu wa mipango kutoka mjini, wakatuambia kijiji kitajipangia chenyewe matumizi ya ardhi yake, wapi palimwe, wapi palishwe, wapi pajengwe, wapi pasiguswe, na kwamba safari hii mawazo yatatoka kwetu wananchi, tukapiga makofi, ila marehemu, aliyekuwa amekaa nyuma na wajane wenzake, alimgonga Fransiska kiwiko akamwuliza, "Wakianza kutusifia hivi, wanataka nini?"

Ramani ilichorwa chini, uwanjani pa shule, majivu yakawa barabara, magunzi yakawa nyumba, na kila kaya ikapewa punje moja ya harage iiweke pale inapotaka pabaki kuwa mali ya wote, lakini wanaume walikuwa wameizunguka ramani kama wanaotazama mpira, wajane hawaoni hata gunzi, basi marehemu akavua ndala, akapenya katikati yao, akaenda kusimama juu ya ramani, Ndugu Romani, huyu tunayemjua wote, akamkemea, "Mama, unakanyaga zahanati!" naye akamjibu, "Zahanati yenyewe haijajengwa, nimekanyaga nini? Sogeeni, na sisi tuna punje."

Tusimpambe marehemu kupita kiasi, maana siku ile ile yeye ndiye aliyesema Kija asipewe punje, Kija yule mfugaji aliyehamia hapa na mkewe Minza mwaka 2015, alisema wa kuja ukimpa punje kesho anakuja na gunia, Minza akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, sisi tumezika mtoto hapa, tunahamia wapi tena?" na marehemu akamshika Minza mkono akamwingiza uwanjani mwenyewe, na tangu siku hiyo nyumba zile mbili zikawa zinaombana chumvi.

Punje nyingi ziliangukia bonde hili hapa chini, tunapolima mboga kiangazi, wanapokunywa ng'ombe, tunapokata matete ya mikeka, na mkutano mkuu wa kijiji wa tarehe 20 Novemba 2021 ukapitisha kwamba bonde ni la wote na halitagawiwa mtu, zikasimikwa bikoni, vile vinguzo vya saruji vya mpaka, kulizunguka, moja ikaangukia mguuni mwa shamba hili la marehemu, pale linapopakana na shamba la Ndugu Romani, na Ndugu Romani huyo huyo akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kuusimamia mpango, marehemu akiwa mjumbe.

Mwaka 2023 bikoni ile ikaanza kutembea. Haikuruka, ilijongea, leo inaonekana imeshuka kidogo kuelekea majini, baada ya miezi imeshuka tena, na kwa kuwa mstari wa mpaka ni mmoja, ikishuka yenyewe mashamba yote mawili yananenepa, la marehemu na la jirani yake, bonde linakonda, lakini nani atazame shamba la mwenyekiti wakati bikoni imesimama kwa bibi? Marehemu kipande kilichoongezeka hakukigusa, alikiacha nyasi, Ndugu Romani cha kwake akakipiga matuta, akasema analima mpaka mstari ulipo.

Tarehe 16 Machi 2024, mbele ya mkutano mkuu, Ndugu Romani alisimama na leso machoni akasema, "Inaniuma kumtaja mama aliyenibeba mgongoni, lakini bonde ni letu sote," akamtaja, watu wakaguna, mwingine akapiga mluzi, marehemu akaondolewa kwenye kamati siku hiyo hiyo, na kuanzia hapo akaitwa Bibi Bikoni, watoto wakamwimbia njiani, jumuiya ikaruka nyumba yake ilipofika zamu ya kusali kwake, na mlipokuwa mkimwona akipita sokoni ameinua kidevu mkadhani ana kiburi, sisi tuliokuwa tukilala naye chumba kimoja tunajua alivyokuwa akijifunika kanga usoni.

Basi akaanza kumshuku kila mtu. Alimshuku Mtendaji Meshack kwa sababu alinunua pikipiki mpya, akamshuku mwalimu wa kwaya Valerian kwa sababu alimsalimia kwa upole mno, "shikamoo ya kuvutwa vile ina deni," alisema, akawashuku ng'ombe wa Kija kwamba wanaisukuma kwa pembe, na hata sisi dada yake hatukupona, tulikuja kuikuta sururu yetu kaificha chini ya kitanda, akingoja aone kama tutaitafuta.

Aliyemfungua macho ni Fransiska, na hakujua kama anamfungua. Ilikuwa tarehe 22 Agosti 2024, siku tuliyomzika Mama Lucia, wanawake tuko jikoni kwenye masufuria, na nyote mnajua kwamba hapa kwetu siku ya kuzika hakuna anayeshika jembe, hata nyani wakimaliza mahindi waache wamalize, kijiji kizima kinakuwa msibani na mashamba hayana mtu, basi Ndugu Romani akaja kuomba maji ya kunawa miguu, Fransiska akampa, alipoondoka akatuinamia akasema, "Bibi weee, mwanaume anatoka makaburini ana tope mpaka magotini, kwani marehemu kazikwa ziwani?" sisi tukacheka mpaka tukashika mbavu, Bertilla peke yake hakucheka, aliweka mwiko chini.

Akaanza kuulizauliza kidogo kidogo, kama mtu anayepiga soga tu, siku ya kumzika Mzee Wiliam nani alimwona Romani akitupa udongo, hakuna, siku ya kumzika mama wa Valerian, hakuna, wote wanamkumbuka asubuhi akilia kuliko wafiwa na akibeba mabenchi, wote wanamkumbuka wakati wa chakula, hapo katikati hakuna anayemkumbuka, na kila baada ya siku hizo bikoni ilionekana imeshuka.

Tulimwambia aende kwa Mtendaji, akasema, "Bibi Bikoni akamshtaki mwenyekiti, nani atamsikiliza? Mtu huyu akamatwe na watu wote, si na mimi," akaamua kungoja msiba mwingine, lakini kijiji nacho kikapata afya ya ajabu, miezi ikapita hafi mtu, na huku tumeshatangaziwa kwamba mwezi wa saba wapimaji wanakuja kuandika hati za kimila, na penye bikoni ndipo wataandika.

Mwezi Januari 2025 marehemu alianza kuvimba miguu na kubanwa pumzi, akatibiwa zahanati ya jirani, hali ikapanda ikashuka, tarehe 12 Mei akalazwa hospitali mjini Sumbawanga, ambako daktari alitueleza kwa upole kwamba moyo umechoka, sisi tukalia, yeye akatazama dari kidogo akasema, "Basi msiba umepatikana." Hapo ndipo alipotuapisha, sisi na Kija, akapanga njia ya kupita jeneza, mahali pa kulitua, nani anyamazishwe, akasema kufa si neno, neno ni kuzikwa na jina lile, wajukuu zake wakaja kuitwa wajukuu wa mwizi wa ardhi ya kijiji. Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia kuulizwa kila kidonge ni cha nini, tunawashukuru majirani kwa kuni na maji, wanajumuiya mliorudi kusali nyumbani kwake, ingawa mmerudi yeye akiwa ndani ya sanduku, tunamwomba radhi Mtendaji Meshack, tumesikia pikipiki ni ya mkopo, tunamwomba radhi Mwalimu Valerian, ambaye kumbe ndivyo anavyosalimia kila mtu, na tunamshukuru Kija, msimtafute kati yenu, yuko kule chini kwenye matete na ng'ombe wake tangu alfajiri, na tumekubaliana akiona anachokingojea atavua kofia.

Kwa kawaida kufikia hapa wajumbe wenzake marehemu hutoa salamu, na Ndugu Romani leo asubuhi, akiwa amelala kifudifudi juu ya jeneza hili akilia, alituahidi kwamba salamu za kamati atazisoma yeye, kwa hiyo tunamwomba mwenyekiti apite mbele. Ndugu Romani. Mama Romani, mumeo yuko wapi, ametangulia makaburini? Haya, ametangulia.

Kija amevua kofia. Sasa inukeni, taratibu, bila kelele, msukumane kidogo na wa nyuma waone, tazameni pale mwisho wa shamba hili, yule aliyevua shati la msibani akalitundika kwenye matete, sururu iko miguuni pake, shimo jipya liko mbele yake, na ile aliyoikumbatia kifuani kama mtoto ndiyo bikoni ya kijiji. Amesimama. Ametuona. Mtendaji, wewe unaona? Baba Katekista, unaona? Mama Romani, pole, kaa chini.

Ndugu Romani, usiitupe, tumekwisha kuiona, panda nayo hivyo hivyo ulivyoibeba, njia unaijua, njoo usome salamu za kamati. Watu wa Mwilale, mpisheni afike kwenye jeneza.

Na wewe Bertilla, dada yetu, shamba lako ni lile lile aliloliacha Kornel na jina lako ni lile ulilobatizwa, kunjua sura sasa, upumzike.