Taja Ulikoitoa: Maisha ya Papa Déogratias Kashindi (1961–2025)

“Kwa hiyo maji iko yetu, miguu yenye kulowa iko yetu, lakini ufunguo ya kuona namba iko kwa weye?”

Maneno hayo marehemu Déogratias Kashindi alimwambia Bwana Lionel, msimamizi wa mradi wa kupima ziwa, mbele ya wajitolea wote wa pwani ya Kavimvira, mwezi wa pili mwaka 2022. Kila asubuhi wajitolea hao waliingia majini kusoma kipimo, wakatuma namba kwa simu, na namba zikawekwa kwenye mtandao wa mradi. Siku marehemu alipotaka kuziona, mashine ilimwomba neno la siri. Hakuwa nalo. Familia imependa kuanza na ugomvi huo kwa sababu nusu yenu mliokaa hapa mligombana naye, na nusu nyingine mlikuwa mnangoja zamu yenu.

Alizaliwa Runingu, katika bonde la Ruzizi, tarehe 14 Septemba 1961, mtoto wa tatu wa Papa Kashindi na Mama Kaneza, wakulima wa mihogo na mpunga. Mama yetu alisimulia kwamba mtoto huyo hakunyamaza mpaka apewe ziwa. Hata uzeeni ilikuwa hivyo hivyo, ingawa ziwa lilikuwa lingine.

Alisoma shule ya msingi hapo Runingu kuanzia 1968 hadi 1974. Mwaka mmoja alikuwa wa kwanza darasani, na habari hiyo tumeisikia miaka hamsini. Kisha alishuka Uvira kuanza sekondari, akasoma miaka miwili tu. Baba alifariki mwaka 1976, karo ikakosekana, naye akaenda kujifunza useremala kwa mjomba wetu wa Kavimvira. Hakulalamika kwa hilo. Ni jambo pekee ambalo hakulilalamikia, ndiyo maana tunalitaja.

Kama umewahi kukaa kwenye benchi ya shule Kavimvira, huenda umekaa juu ya kazi yake. Milango yake ilifunga vizuri kiasi kwamba watu walifungiwa nje ya nyumba zao wenyewe. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kwaya. Aliiongoza kwaya ya mtaa tangu 1984 na alitunga nyimbo nyingi. Nyie mnaojua kwaya za huku mnajua zinavyoibiana nyimbo. Yeye hakukataza. Sheria yake ilikuwa moja: “Imba, fundisha, geuza sauti kama unapenda, lakini taja ulikoitoa.”

Tarehe 18 Julai 1987 alifunga ndoa na Mama Noella. Siku hiyo ilikuja kwaya ya wageni, ikaimba wimbo mzuri sana, kisha ikakaa bila kusema neno. Bwana harusi akasimama na koti lake jipya.

“Wimbo huo muliutoa wapi?”

Noella alimvuta koti chini ya shela. “Déo, kaa. Watu wanatuangalia.”

“Waangalie! Wimbo iko yangu!”

“Na bibi je?”

Padri alicheka kabla ya wengine. Kiongozi wa wageni akasimama, akataja kwamba wimbo ulitoka Kavimvira, na ndoa ikaendelea. Noella alisema baadaye kwamba hapo alijua ameolewa na mtu wa namna gani, na muda wa kukimbia ulikuwa umepita. Mungu aliwapa watoto watatu: Thierry, Chérie na Vanessa.

Mwaka 2021 ziwa lilipanda, likachukua karakana yake yote isipokuwa randa aliyokuwa amemwazimisha jirani. Mradi ulipokuja kutafuta watu wa kujitolea kupima maji, alikuwa wa kwanza kutoa jina. Alichonga mti wa kipimo mwenyewe, akaupiga rangi nyeupe na nyekundu, akausimika karibu na mwalo wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Asubuhi moja alituma neno moja tu badala ya namba: “Kiboko.” Bwana Lionel akampigia simu.

“Papa Déo, kiboko ni santimetre ngapi?”

“Sijamupima. Anakaa mbele ya kipimo, na minye siko mujinga.”

“Basi tuandike namba ya jana.”

“Ya jana ilikuwa ya jana. Andika kiboko.”

Na mpaka leo, ukifungua namba za mwaka huo, utamkuta kiboko wetu mahali pake.

Turudi kwenye ugomvi wa neno la siri. Bwana Lionel hakuwa mtu mbaya. Aliupeleka kwa wakubwa wake, na mwezi wa tano akarudi na jibu: mradi umekubali kufungua namba ili kila mtu azione, lakini kwanza lazima namba ziwe na lisansi.

Mama Émérance, mjitolea mwenzake anayeuza ndizi kwenye barabara ya mpaka, aliruka.

“Lisansi? Minye nilikomeaka mwaka wa tano primeri! Sasa kuangalia mti ndani ya maji munataka mutu ya université?”

“Hata namba yenyewe,” akasema marehemu, “itasomea wapi?”

Bwana Lionel alicheka mpaka akakaa chini. Akaeleza kwamba si ile lisansi ya chuo kikuu. Ni maneno yanayoandikwa juu ya namba, ili anayezichukua ajue ameruhusiwa kufanya nini nazo. Unaweza kuandika kwamba kila mtu achukue na afanye anavyotaka. Unaweza kuandika achukue lakini aseme nani alizikusanya. Unaweza kuandika asizifanyie biashara.

“Aa!” marehemu akapiga paja. “Iko sawa na wimbo!”

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyewafafanulia wengine, na hakuna aliyeshindwa kuelewa. Wakakubaliana kwamba kila mtu achukue namba, na ataje: Wajitolea wa Pwani ya Kavimvira. Wangekoma hapo, ingekuwa kamili. Lakini marehemu aliogopa kwamba watu wa mbali watakuja kuuza namba za ziwa kwa wenye ziwa. Akasimama tena: “Na tuandike: hakuna biashara.”

“Papa Déo, fikiri kidogo,” Bwana Lionel akamwambia. “Hilo neno linashika watu wengi.”

“Lishike!”

Mikono yote ikapanda. Ikaandikwa hivyo.

Mwezi wa nne mwaka 2024 ziwa lilianza kupanda tena, na lilipanda kuliko tulivyowahi kuona. Kipimo kilionyesha. Namba zilikuwa wazi kwa kila mwenye mtandao, lakini watu wa avenyu, yaani mitaa midogo ya pwani, wana redio, hawana mtandao. Bibiche, mtangazaji wa redio moja ya mjini, alitaka kuzisoma kila asubuhi pamoja na majina ya avenyu ambazo maji yanazikaribia. Mkurugenzi wake alikataa. Redio yao inaishi kwa matangazo ya kulipa, yaani ni biashara, na lisansi imekataza biashara. Bibiche alikuja nyumbani kwa marehemu na karatasi ya lisansi mkononi.

“Papa Déo, mumetufunga midomo.”

Marehemu alishikilia. Alisema sheria ni sheria, na akifungua mlango kwa redio moja, kesho wataingia wenye meli. Mdogo wake, yaani mimi ninayewasomea haya, alikuwepo na beseni lake la ndagala.

“Yaya, kaka yangu, minye nauzaka ndagala. Kwa karatasi yako, minye iko biashara?”

“Weye iko ndugu.”

“Ndugu anayeuza! Na Kasimu anayelipishaka boti yake? Na Mama Émérance na ndizi? Huku Kavimvira onyesha mutu mumoja asiyeuza kitu. Hata weye unauzaka viti! Uliandika asiseme mufanyabiashara, ukatufungia sisi wote. Maji ije itubebe kwanza, ndiyo utupatie ruhusa?”

Marehemu alinyamaza. Mama Noella alitoka jikoni kuangalia kama ameanguka. Marehemu akamwomba Bibiche ile karatasi, akaisoma, akaisoma tena. Kisha akasema neno ambalo wengi wenu hamtaamini: “Nilikosea.”

Bibiche akamwambia basi atoe ruhusa, akimbie nayo redioni. Akakataa. “Namba si yangu peke yangu. Nikifungua minye mwenyewe, nitakuwa sawa na yule mwenye neno la siri.” Akavaa buti zake, akapita katika mvua nyumba kwa nyumba, akawaita wajitolea kwenye chumba cha kwaya. Aliwaambia waziwazi kwamba neno la biashara lilikuwa lake na lilikuwa baya.

Mama Émérance akasema: “Siku ile mukono yangu ilipanda sababu weye ulipiga kelele.”

“Leo nimepiga ya pole. Ishushe.”

Wakaishusha wote. Bwana Lionel alipigiwa simu, mstari ukafutwa, ukabaki ule wa kutaja tu. Kabla ya saa sita mchana Bibiche alikuwa hewani, akisema maji yamefika wapi na nani atoke leo. Akasema kesho yake, na kila asubuhi iliyofuata. Kasimu alihamisha vitu vya wazee kwa boti yake na hakuna aliyemuuliza ruhusa. Marehemu alipita na bisibisi, akifungua milango aliyoitengeneza mwenyewe, kwa sababu alisema nyumba inaweza kujengwa tena, lakini mbao kama zile hazipatikani tena. Nyumba zilianguka, tunajua, nyingine ni za watu walio hapa. Lakini katika avenyu zetu za pwani, jioni tulipoita majina ya watoto, wote waliitika.

Jambo moja lilibaki. Bibiche alisoma namba zote hizo bila hata mara moja kutaja Wajitolea wa Pwani ya Kavimvira. Marehemu alimfuata mpaka mlango wa redio.

“Papa Déo, dakika iko fupi. Nasema maji, nasema avenyu, nasema watoke. Jina nitasema siku ingine.”

“Basi iko deni.”

Tangu siku hiyo, akimwona sokoni, alimwita kwa mbali, “Deni yangu!” Wanaume waliokuwa karibu walianza kumwangalia Bibiche vibaya, akalazimika kuwaeleza kila mara ni deni la nini.

Mwezi wa kumi mwaka 2024 miguu yake ilianza kuvimba. Ilikuwa figo. Alilazwa hospitalini mara tatu. Hakuacha kazi yake: alipima miguu kwa utepe wa useremala na kutangaza asubuhi kama imepanda au imeshuka. Daktari alizikuta namba hizo zimeandikwa kwenye ubao wa kitanda, akasema zinamsaidia, akauliza ni za nani. “Za kwangu,” akajibu. “Chukua. Lakini utaje.” Alifariki nyumbani kwake Kavimvira Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, asubuhi, Mama Noella akiwa amemshika mkono na kwaya ikiwa uani inaimba. Wimbo ulikuwa wake. Walitaja.

Ameacha mjane, Mama Noella, watoto watatu, Thierry, Chérie na Vanessa, wajukuu saba, mdogo wake Félicité, kwaya isiyojua nani atawagombeza sasa, na wajitolea ambao leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, walipita ziwani kwanza.

Kama ilivyo desturi, kabla ya kufunika kaburi tunauliza madeni. Anayemdai marehemu aje kwa Thierry. Anayedaiwa na marehemu aje pia, na asijifanye hakusikia.

Ila mmoja asije. Wiki yake ya mwisho, Chérie alimuuliza kama bado anamdai Bibiche. Akacheka mpaka akakohoa. “Ile nimeachilia zamani. Alisema mbio, watu wakatoka na watoto wao. Angetaja majina yetu yote, maji ingefika kabla ya jina ya Émérance. Lakini musimwambie, ataanza kusahau na ingine.”

Tulitii mpaka leo. Bibiche, tunakuona pale nyuma umeinamisha kichwa. Inua. Deni yako haiko, aliifuta mwenyewe. Yeye alale kwa amani, na weye urudi nyumbani kwa amani.