Maisha ya Kufuli, Aliyejifungia Nje Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya kazi naye: tunayemsindikiza leo alikuwa Mama kwa wanawe, na kazini, kuanzia mlinzi wa getini mpaka wateja, alikuwa Kufuli. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967, mtoto wa pili wa karani wa posta na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na kituo cha zimamoto. Mama yake alisema ving'ora vilimpokea kabla ya wakunga, na kwamba mtoto huyo alizaliwa ameshtuka na hakuwahi kutulia. Aliogopa mbwa, aliogopa upepo, na baba yake akipiga chafya yeye yuko chini ya meza. Ndugu zake walimcheka. Yeye pia alicheka, ila hakutoka chini ya meza.

Alianza shule ya msingi Januari 1974 na kumaliza sekondari mwaka 1986. Hesabu aliziweza, hilo halina ubishi, lakini kila mtihani aliujibu mara mbili: kwenye karatasi ya majibu na tena kwenye karatasi ya pembeni, isije ya kwanza ikapotea. Mwalimu wake alimwonya kwamba atazeeka kabla ya umri. Hakuacha. Septemba 1988 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea kompyuta, akahitimu mwaka 1991.

Februari 1992 aliajiriwa katika studio iliyotengeneza matangazo na filamu za mafunzo. Alianza kwa kubeba kanda na kuzibandika majina. Zilipoingia kompyuta, kazi za wahariri wote ziliwekwa kwenye hifadhi moja ya pamoja, na aliyetaka kufungua alifungua. Mambo yalikuwa shwari mpaka Oktoba 2003. Wahariri wawili walifungua filamu ileile ya wauguzi, kila mmoja chumbani kwake, bila kujua kama mwenzake yumo. Wa kwanza alihifadhi kazi yake akaenda kula. Wa pili akahifadhi ya kwake juu ya ile ya kwanza, na kazi ya mwezi mzima ikafutika. Yule wa kwanza, kijana mcheshi tuliyemwita Mkasi, aliporudi na kuona hakupiga kelele. Alikaa sakafuni tu. Marehemu alisimama mlangoni akimtazama, na jioni alimwambia dada yake mkubwa, anayewasomea maneno haya, kwamba sasa anajua anachokiogopa maishani. Anaogopa mkono wa mtu mwema unaofuta jasho la mwenzake bila mwenyewe kujua.

Basi akaacha kazi, na mwaka 2005 yeye na Mkasi walifungua ofisi yao ghorofani, juu ya duka la miwani, wakatengeneza programu ya kuhariri video kwa pamoja. Ukifungua kipande, kinafungwa kwa jina lako. Wengine wataona lakini hawatagusa. Kila unachofanya kinaandikwa, jina na saa. Na kufuta kitu kabisa lazima wakubali watu wawili. Ni msimamizi mkuu peke yake, yaani yeye, ambaye hakuhitaji mtu wa pili, na hakuna aliyeweza kumvua nafasi hiyo. Alijiachia mlango huo kwa kuogopa dharura. Vijana waliomletea michoro ya vitufe vya kupendeza aliwauliza swali moja tu: mtu aliyechoka akikosea hapa, kitapotea nini? Wengi walirudi na michoro yao kwapani. Lakini vituo vya televisheni vilinunua, vyuo vikanunua, na wapiga picha za harusi walimwombea dua.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 18 Desemba 1999, na fundi sauti wa ile studio ya zamani, mtu mpole asiye na maneno mengi. Siku aliyomposa jikoni kwao, marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Ngoja nimwite dada. Rudia mbele yake." Maskini alirudia, jasho likimtiririka. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume. Kwa miaka yote hiyo, mke alipouliza kama gesi imezimwa, mume aliinuka akaenda kuangalia, hata kama ametoka kuangalia sasa hivi. Hatukuwahi kumsikia akilalamika.

Ugonjwa ulipoingia, marehemu alidhani ni mwizi. Jumatatu moja ya Aprili 2021 alifungua filamu ya mafunzo ya madereva wa malori akakuta vipande vimevurugwa: ajali imetangulia somo la breki, na mwalimu amekatwa katikati ya sentensi. Akaangalia ni nani aliyefanya hivyo. Programu ikamwonyesha jina lake mwenyewe, Ijumaa mchana. Hakukumbuka kabisa kuigusa filamu hiyo. Alibadili neno la siri, na wiki iliyofuata yakatokea yaleyale, kwa jina lake, kwa neno la siri jipya ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Yaliyofuata familia inayasema wazi kwa kuwa Mkasi yuko hapa na anastahili kuyasikia. Marehemu aliamini ni yeye. Nani mwingine angejua? Aliacha kunywa chai aliyoandaa Mkasi. Aliacha kumpa mgongo. Alimpigia simu dada yake akiwa amejifungia bafuni na bomba likimwagika, akinong'ona kwamba kuna mtu anavaa jina lake na kuharibu kazi za watu, na kwamba akilala anaona folda zikifunguka moja moja. Mume wake alibadilisha vitasa vya nyumba nzima kwa sababu ya hofu hiyo, na hofu ikabaki palepale, ndani. Hatimaye aliagiza kamera ndogo ifungwe juu ya meza yake ofisini, kwa siri, ili amnase.

Ilinasa. Tarehe 2 Juni alimwita dada yake waitazame pamoja. Kwenye skrini mlango ulifunguka, akaingia mwanamke mwenye blauzi ya kijani, akaketi, akaanza kukata na kupanga vipande, ametulia kabisa. Simu ilipoita aliipokea, akacheka, akaendelea. Marehemu alishika mkono wa dada yake mpaka ukauma.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mdogo wangu."

Aliomba irudishwe nyuma. Akatazama tena, akiwa amevaa blauzi ileile. Dada yake alitegemea kilio. Alichouliza marehemu, kwa sauti ndogo sana, ni hiki: "Nimefuta nini cha watu?"

Daktari wa ubongo alitupa jina la ugonjwa mwezi uliofuata. Unakula kumbukumbu, alisema, na hauna dawa. Marehemu hakumuuliza ataishi muda gani. Hofu yake ilikuwa ule mlango aliojiachia. Kazi za mamia ya watu zilikuwa mle, na mtu pekee aliyeweza kuzifuta zote bila kuzuiwa alikuwa ni yeye, ambaye sasa hakujua atakuwa nani mchana huo. Alimwendea Mkasi, akamweleza alivyomshuku, kisha akamwomba wajenge kile ambacho programu haikuwa nacho: njia ya kumwondoa msimamizi mkuu. Walifanya kazi siku zake nzuri tu. Siku mbaya ilipofika, Mkasi alikuta amefuta walichoandika jana, wakaanza upya. Marehemu hakuwa anatania aliposema afadhali angeng'atwa na mbwa. Tarehe 11 Novemba 2021 kazi ilikamilika. Walibonyeza pamoja, na jina la Kufuli likatoka.

Lakini alijijua. Alijua atasahau na kurudi akidai ameporwa. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza alikaa mbele ya kamera akajirekodi: "Ukiona umefungiwa, usimlaumu Mkasi. Mimi ndiye niliyeomba. Naogopa mikono yetu. Tafadhali rudi nyumbani." Na kweli alirudi kudai, si mara moja. Alipiga mlango kwa ngumi akimwita Mkasi jambazi mbele ya wateja wa miwani. Kila mara Mkasi alimkaribisha, akamwekea ile video, na kila mara ilikuwa kama kupewa habari mbaya kwa mara ya kwanza. Tulitamani kumwambia Mkasi aache, maana kumtazama akielewa kulitutia hofu kuliko kumtazama akisahau. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 2024. Aliitazama video yote, akamgeukia Mkasi.

"Simfahamu huyu mama," alisema. "Lakini anaogopa kama mimi. Mfanyie anachotaka."

Akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani. Mpaka leo hakuna kazi ya mtu iliyopotea.

Tarehe 27 Mei 2025 alilazwa kwa homa ya mapafu. Inatarajiwa hapa tuseme alikuwa jasiri na aliondoka kama aliyesinzia. Hatutasema hivyo. Aliogopa. Aliogopa shuka, aliogopa muuguzi, aliwaogopa wanawe waliomletea uji, na kila uso ulioingia ulikuwa mgeni. Watu walimwambia usiogope, na kila alipoambiwa hivyo alizidi kujikunja ukutani. Mchana wa tarehe 3 Juni mume wake alivua viatu, akasimama kando ya kitanda. Hakujitambulisha, maana alikuwa ameshajitambulisha mara nyingi. Alisema tu, "Na mimi naogopa."

Marehemu alimtazama. Kisha akasogea, akamwachia nafasi kitandani. Mume akalala pembeni yake, naye akavuta shuka akamfunika mgeni huyo mpaka mabegani, kama mtu anayejua hasa mwoga anahitaji nini. Alifariki siku hiyohiyo akiwa bado ameushika upindo wa shuka hiyo, mume akiwa amefunikwa nayo.

Ameacha mume, binti mmoja, mtoto wa kiume mmoja, mjukuu wa miezi saba, dada mkubwa, wadogo zake wawili, na Mkasi, ambaye familia imeamua akae mstari wa mbele pamoja nasi.

Apumzike sasa, mahali ambapo hakuna cha kumtisha.