Vartan Keshishian, Mwenye Magoti ya Oswald

Ijumaa tarehe 30 Mei, Vartan Keshishian atavua viatu vyake vya kazi, jozi zote, na kustaafu baada ya kulitumikia jengo letu la sauti hapa Burbank kwa miaka thelathini na minne. Nasema jozi zote kwa sababu amevaa viatu vya askari, vya masista, vya wacheza dansi, na visigino virefu vya kila mwanamke aliyewahi kukimbizwa na kitu kutoka angani. Mguu wake ni mkubwa kama mtumbwi, lakini hakuna mtazamaji aliyewahi kulalamika kwamba malkia wa Mirihi anatembea kama mwanamume wa Glendale.

Kwa majirani zake waliokuja leo wakiamini Vartan ni fundi umeme: kazi yake ni kusimama mbele ya skrini na kuzitoa upya sauti za vitendo vya kwenye filamu, maana zile zinazonaswa wakati wa kupiga picha huwa hazitoshi. Mtu akitembea, Vartan anatembea. Mtu akivunjwa mbavu, Vartan anavunja mashina ya seleri mbele ya maikrofoni. Mabaki huenda kwenye supu ya mchana, na mimi, Marisela, ninayechanganya sauti chumba cha pili, nimeinywa miaka yote bila kuuliza zilikuwa mbavu za nani.

Hakuja kuomba kazi hii. Alikuja kupaka rangi kuta. Bosi wa wakati ule alimsikia akishuka ngazi, akamwambia, "Hebu panda tena, halafu ushuke kama mtu mwenye huzuni." Vartan akashuka. Kuta zilimaliziwa na mtu mwingine.

Umaarufu wake, kama sisi wa vyumba vya giza tunao umaarufu, ulitokana na filamu ya "Ukuta wa Zohali". Mnamkumbuka Oswald, yule roboti mlinzi mwenye kimo cha ghorofa nne. Kila mtu alitarajia vishindo. Vartan akabeba kutoka nyumbani ubao wa kupigia pasi wa mkewe, Shushan, ambao mguu wake ulikuwa ukilia kila ukikunjwa, akaufanya goti la kushoto la Oswald. Kwiii! Dude kubwa namna ile, na goti linamsumbua! Watu wakampenda hapohapo. Shushan akahamia kupiga pasi kwenye meza ya chakula, na akaenda kuitazama filamu ile mara tatu. Alisema anakwenda kuusalimia ubao wake.

Sasa tufike kwenye filamu ya pili, ambayo najua wengi mngependa tuiruke. Siiruki ng'o.

Fedha zilimwagwa. Kila mlipuko ulikuwa na mlipuko mwenzake ndani yake. Oswald alikuwa ametengenezwa upya, mwili unang'aa kama sufuria ya harusi, akaongezewa roboti wenzake wanne. Goti lake lilikuwa limepona. Msimamizi aliyetumwa na kampuni ya filamu, kijana aitwaye Trevor Lindqvist, alitaka ukubwa tu, na Vartan akampa ukubwa. Ila katika tukio moja, pale Oswald anapopiga magoti kumuaga nahodha wake aliyekufa, mzee wetu aliuchomeka ule mlio mara moja, kimyakimya, bila kumwambia mtu.

Siku ya onyesho la majaribio kule Pasadena, watazamaji walitafuna bisi zao saa moja na nusu kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Kisha likaja lile goti. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mama mmoja nyuma yangu alilia waziwazi. Nilimtazama Trevor, nikaona uso wake umewaka kwa tamaa.

Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwetu.

"Vartan, mzee wangu, ule mlio! Nautaka ule mlio!"

"Mbona upo."

"Nautaka kila mahali. Goti la kulia. Viwiko. Shingo. Na wale wenzake wanne, nao wana magoti, au hawana?"

"Trevor, mwanangu, nisikilize. Watu walilia kwa sababu walikuwa wameukosa."

"Basi hawataukosa tena!"

Huo ndio ugonjwa wa mji huu. Kitu kikipendwa kidogo, kinaongezwa mpaka kichukiwe. Vartan angeweza kukataa, lakini Trevor hakuficha kwamba jengo lingine lilikuwa tayari kuifanya kazi hiyo, pamoja na filamu ya tatu, na humu ndani tulikuwa watu tunaotegemea mshahara wa jengo hili. Kwa hiyo akakunja ubao na kuukunjua wiki baada ya wiki, mpaka ukakatika katikati. Shushan alikuja mwenyewe kuuchukua. "Mmeniulia ubao wangu," akatuambia, "na hata pole hamna."

Tulipomaliza, kila mmoja wetu alijua tumepika nini. Katika kazi yetu mtu anaruhusiwa kuomba jina lake lisionyeshwe mwishoni mwa filamu, na marafiki wa majengo mengine walimpigia simu kumsihi afanye hivyo mapema. Mtu anayejulikana kwa kuiharibu filamu kubwa hapigiwi simu tena. Shushan naye alimbana mbele yangu.

"Toa jina, mume wangu. Watakucheka mpaka kanisani."

"Magoti ni yangu, Shushan. Niyakane?"

"Yakane! Yamekupa nini zaidi ya kuninyima ubao?"

Hakuyakana. Ikafika siku ya uzinduzi, watu na suti zao, na likafika tukio la maziko. Roboti watano wakapiga magoti kwa pamoja. Jamani! Ilikuwa kama zizi la nguruwe lililoingiliwa na fisi. Ukumbi ukaangua kicheko, watu wakafuta machozi, na nahodha wa watu amelala pale ndani ya jeneza.

Hapa kwetu hatutoki ukumbini kabla majina hayajaisha. Tunakaa, na jina la rafiki likipita tunalipigia makofi. Siku ile hata picha ya mwisho haijafifia, watu walikuwa wameshafika kwenye magari yao. Tulibaki sisi wa jengo la sauti, na mbele kabisa Trevor, kichwa mikononi. Jina lake lilipita kati ya majina ya mwanzo. Vartan, ambaye alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, akapiga makofi, peke yake, kwa mikono ile inayojua kusikika. Majina yakaendelea kupanda, mamia kwa mamia, mpaka likaja la Vartan Keshishian. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa sauti, "Huyo ni mimi!" Na kule mbele kijana Trevor akainuka, macho mekundu, akampigia makofi mpaka jina likapotea juu ya skrini.

Filamu ya tatu haikutengenezwa. Simu zilikuwa chache kwa muda mrefu, na Vartan hakuwahi kumlaumu mtu. Zilirudi polepole, nyingine kutoka kwa Trevor, ambaye siku hizi anasimamia katuni na anaomba sauti moja moja.

Vartan, kwa niaba ya jengo zima, asante kwa hatua zote ulizotembea kwa ajili yetu. Mimi nina shukrani yangu binafsi. Siku ile ya uzinduzi tulitamani kutoroka kama wengine, tena mimi nilikuwa nimeshashika mkoba. Tulibaki kwa sababu wewe ulikuwa umekaa. Nenda ukapumzike na Shushan, ule, ulale, uchelewe kuamka, na maisha yawe mema kwako, mzee wetu.