Nani Kalinyamazisha Gitaa la Mincho

Mbele ya ghorofa moja katika mji wa Karlovo kuna benchi, na pembeni yake mashine ya kahawa inayomeza sarafu na kutema kahawa ikijisikia. Wenye benchi ni watatu. Mincho, aliyepiga gitaa harusini mpaka nywele zikamhama. Transfoma, fundi umeme mstaafu ambaye taa ya choo chake haijawaka tangu Pasaka. Na Daktari, ambaye maisha yake yote alimwendesha daktari wa ng'ombe kwa gari, elimu ikamwingia kupitia kiti. Tsonka, mke wa Mincho, hakai pale kwa mapenzi. Anakaa kuwachunga, huku akimenya mbegu za alizeti. Siku hiyo gitaa la umeme la Mincho lilikuwa limelazwa mapajani mwake kama mgonjwa. Msimu wote wa baridi alilikwangua rangi ya kijani aliyowahi kulipaka, ile iliyobaki walipopaka vyuma vya roshani, akalipiga msasa, akalitia vanishi na nyuzi mpya. Jumamosi mjukuu wao Bilyana anamaliza shule, na msichana akimaliza shule hutolewa nyumbani kwa muziki, jengo zima likishuka kucheza mlangoni kabla hajaenda kwenye dansi yake. Mincho alishaapa mbele ya watu kwamba atampigia yeye, kwa gitaa lile lile lililomtoa mama yake Bilyana alipomaliza shule. Leo ni Alhamisi, na gitaa halitoi hata mguno.

— Umeme wa siku hizi mwembamba, alisema Transfoma. Zamani ulikuwa umeme wa serikali, mzito, ukiushika na wenyewe unakushika. Gitaa hili lilizoea ule.

— Mbona redio yangu ya zamani inaimba? aliuliza Tsonka.

— Redio inapokea, shemeji. Haitoi. Ni vitu viwili tofauti.

— Kama wewe na ushauri. Unatoa tu, hupokei.

Daktari akatikisa kikombe chake.

— Mimi naona ni huzuni. Ng'ombe ukimhamisha zizi, maziwa yanakauka. Hili lilikaa juu ya kabati miaka yote hiyo, mkalishusha ghafla.

— Kwa hiyo nilikamue? alisema Mincho.

— Ungelisemesha kwanza, bwana.

Tsonka akatema ganda. Yeye alijua. Jumanne, akianika nguo roshanini, alimwona mumewe kwa kioo cha mlango wa jikoni. Gitaa lilikuwa linaimba vizuri tu. Mincho ndiye aliyekuwa hafuatani nalo: kidole cha pete kiligoma kukunjika, na wimbo ukamponyoka pale pale kila alipourudia. Akakaa akiutazama mkono wake. Kisha akafungua kifuniko cha nyuma, akachukua plaizi, akakata waya kama mtu anayekata kucha. Tsonka akarudi kwenye nguo zake. Mwanamume akitaka kujificha ndani ya gitaa, mwache ajifiche. Ila Jumamosi nayo ilikuwa inakuja.

— Ndani ulilisafisha na nini? aliuliza Transfoma.

— Na rakia. Ya plamu.

— Plamu! Ndiyo hapo! Plamu ina sukari, imeganda kwenye sumaku. Umeme husafishwa kwa rakia ya zabibu.

— Ya zabibu ninayo, alisema Daktari, akatoa chupa mfukoni, haraka mno kwa mtu aliyeshuka kununua mkate.

Gitaa likapata tone, wao wakapata mafunda. Pombe ikaingia kwenye vanishi, vanishi ikaanza kunata, sweta ya Mincho ikagandana na gitaa.

— Limekukumbatia! alisema Daktari. Linakukumbuka!

— Linataka kumng'ata, alisema Tsonka.

Transfoma akainama, akashusha sauti.

— Nitasema ukweli, ila msinitaje. Ule mnara wa simu mlimani unanyonya sauti. Muziki wa Mincho saa hii uko kwenye simu ya mtu huko mjini Sofia, anadhani ndio mlio wake.

— Basi tumpigie aturudishie, alisema Daktari.

Hapo akatokea Galena, mpangaji mpya wa ghorofa ya tatu, na mfuko wa vitunguu. Aliwasikiliza huku mashine ikimkoromea, akachukua kahawa yake, akauliza:

— Samahani, mzee Mincho. Gitaa likipona, wewe bado unaweza kulipiga?

Transfoma akautazama mnara. Daktari akaifunga chupa. Mincho akauficha mkono wa kushoto chini ya paja, wala hakumwangalia mtu.

Tsonka akakung'uta maganda kwenye sketi.

— Inuka.

— Niende wapi?

— Jikoni. Waya uliukata mwenyewe, utauunga mwenyewe.

Mincho akawa mwekundu mpaka utosini.

— Uliniona?

— Nilikuona na nilikusikia. Ulikuwa unakosea, Mincho, tena si kidogo.

— Sasa nitampigiaje Bilyana? Watu wote watasikia.

— Wasikie. Mimi nilisikia, nimeshika shuka mbichi. Pale ulipokosea, mguu wangu ulikuwa umeshatangulia. Nilicheza, mjinga wewe, mpaka shuka ikaniponyoka ikaanguka chini.

— Kumbe ile shuka yenu? alidakia Transfoma. Nimeshafunikia miche ya nyanya.

Mincho alikuwa ameshainuka, gitaa likining'inia kwenye sweta, akipanda ngazi mbele ya mkewe huku akikunja na kukunjua kidole cha pete.