Kamene na Maji ya Mgongo

Janice Kamene Maina alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Kangundo, Machakos, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Muasya na Mama Emmah. Nyuma yake tulifuata Makau na mimi, Nzembi, ninayewasomea wasifu wake. Mwaka 1989 familia ilihamia Dagoretti Corner, ambako baba alifungua karakana ya vitanda kando ya Ngong Road. Kamene alikulia kwenye maranda, na mama anasema kila akimsuka alikuta vipande vya mbao kichwani.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo mtaani, akafanya mtihani wa KCPE mwaka 1997, kisha akarudi Machakos kwa sekondari hadi 2001. Hesabu zilimtoa jasho, na hatutadanganya leo eti kwa sababu yuko ndani ya sanduku. Alichokipenda ni jikoni. Mwaka 2005 alihitimu stashahada ya uokaji katika chuo kimoja cha katikati ya jiji.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na hoteli moja ya Westlands kuwa mwokaji wa keki. Kazi yake hasa ilikuwa kuandika majina kwa sukari. Watoto wengi wa Lavington wamepuliza mishumaa juu ya mwandiko wa Kamene bila kumjua. Mkono wake haukutetemeka hata siku moja, hadi ulipoanza.

Tarehe 3 Desemba 2011 alifunga ndoa kanisani na Dedan Maina wa hapa Gikambura. Keki ya arusi aliioka mwenyewe. Mchungaji alisimama madhabahuni akimsubiri, kumbe bibi arusi yuko ukumbini, aproni juu ya shela, anarekebisha ua lililoanguka. Dedan alicheka mpaka akalia. Mwaka 2013 Mungu aliwapa binti, Wanjira.

Sasa nifike pale ambapo kamati ya mazishi ilitaka nipite haraka. Kikaoni Alhamisi niliambiwa niandike tu kwamba Kamene aliugua kwa muda mrefu, kama tunavyoandika siku zote, mtu azikwe pamoja na jina la ugonjwa wake. Nimekataa. Kamene aliugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao multiple sclerosis, na aliniagiza niutaje mbele yenu.

Ulianza mwaka 2015. Alishika sinia la moto kwa mkono mtupu na hakuhisi kuungua hadi mwenzake alipopiga kelele. Akisimama karibu na oveni, macho yalififia. Akitoka nje kwenye baridi, yalirudi. Tulisema amerogwa kazini, kuna mtu anamwonea wivu. Mguu wa kulia ulipoanza kuburutika mwaka 2016, daktari alisema anataka kumtoa maji ya mgongo ayapime.

Familia iliketi Dagoretti Corner. Mjomba Kiema, kaka ya mama, alisimama. "Mkimdunga huyu mtoto mgongo, hamtarudi naye nyumbani. Wambua si mliona? Alidungwa asubuhi, jioni tukaitwa kuchukua mwili." Kweli binamu yetu Wambua alikufa siku hiyo. Lakini alifikishwa hospitalini hajitambui tayari, na kilichomuua ni homa ya uti wa mgongo, si sindano. Hakuna aliyelisema hilo. Kikao kikakataa, na Kamene akatii kwa sababu alifundishwa kutii.

Mwaka 2020 jicho la kulia lilizimika. Hapo hakuuliza mtu. Yeye na Dedan walikwenda wenyewe. Aliniambia maji yenyewe yalikuwa meupe kama ya kisima, akashangaa kuwa ndiyo tuliyoyaogopa miaka yote ile. Majibu yalionyesha kwamba kinga ya mwili wake ilikuwa ikishambulia ganda la mishipa ya fahamu, kama panya anayetafuna waya. Kulikuwa na dalili za kuvimba kwa mishipa hiyo, na pia mabaki ya mishipa iliyokwisha kukatika, mengi mno. Daktari alimwambia polepole, "Mama Wanjira, tutajaribu kuzuia isikatike mingine. Ile imekatika, haitarudi."

Dawa zilimsaidia, kisha hazikumsaidia. Alitembea kwa fimbo, akahamia kiti cha magurudumu, mwisho akashindwa hata kumeza chai. Inaniuma kulisema, na nitalisema: tulimpenda, na tulimchelewesha.

Mwezi wa nne mwaka huu nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake nikisugua jicho langu la kushoto, nikalalamika kwamba taa ya chumba ni hafifu. Akaniambia, "Nzembi, hiyo taa iko sawa. Ni jicho lako. Nikienda, usiwaandikie watu stori ya muda mrefu, sijui muda mfupi. Waambie ni nini, wasikie wote. Alafu wewe uende hosi ukapimwe mapema. Usingoje kikao, tafadhali."

Kamene alifariki kwa nimonia alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Dedan.

Ameacha mume wake Dedan, binti yao Wanjira, mama yetu Emmah, ndugu yetu Makau, wakwe, mashemeji, na Mjomba Kiema. Ameniacha na mimi. Kama mmeona karatasi yangu ina herufi kubwa kuliko zenu, jicho bado halijapona. Keshokutwa Jumatatu asubuhi natolewa maji ya mgongo. Naogopa sana. Jana nilimweleza Mjomba Kiema, nikangoja asimame aseme ya Wambua. Alivua kofia, akaniuliza, "Tunaenda saa ngapi?"

Dada, nimesema. Pumzika sasa, Mungu akutunze.