Mfano wa Nne

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

FUNDI: Huijui, ndiyo. Ni mimi.

MWALIMU: Mimi nani? Inakwaruza— ngoja nisogee dirishani. Haloo?

FUNDI: Wifi yako.

MWALIMU: Ala! Fundi wangu! U mzima, wifi? Mbona unapiga kwa simu ya watu?

FUNDI: Mzima. Za darasani?

MWALIMU: Darasa gani tena, siku hizi ni mimi na kompyuta. Wachina wangu watanitoa roho na hiki Kiingereza! Leo nilikuwa na—

FUNDI: La leo silitaki. Nataka lile somo la vitenzi vya hatari.

MWALIMU: La vitenzi vya...

FUNDI: Threaten. Warn. Endanger. Nimetamka vizuri? Mimi najua cherehani, Kiingereza nabahatisha.

MWALIMU: Umetamka vizuri. Nani kakwambia—

FUNDI: Nifundishe basi.

MWALIMU: Kwa simu? (anacheka, peke yake) Haya. Wanafunzi wanachanganya kuonya na kutishia. Mimi nawaambia, anayekuonya anataka upone, anayekutishia anataka uogope. Halafu kwa Kichina kitenzi hakibadiliki, jana na kesho umbo ni lile lile, kwa hiyo wana—

FUNDI: Mfano wa nne unasemaje?

MWALIMU: Wifi, siwezi kukumbuka mifano yote.

FUNDI: Mimi ninaukumbuka. "Mume alimtishia mkewe kwamba atamkata vidole kwa mkasi wake mwenyewe wa kazi."

MWALIMU: Wifi—

FUNDI: Wa tano. "Mwanamke alihatarisha maisha yake alipotoroka kupitia dirisha la jikoni." La jikoni, wifi! Hilo nilikwambia wewe tu, nimekaa kitandani kwako, wewe unanifunga goti. Unalia kuliko mimi. Kumbe unalia huku unaandika?

MWALIMU: Sikuandika siku ile! Niliandika baadaye. Na jina lako sikuliweka.

FUNDI: Jina la nini? Umenivua nguo hadharani, unaniambia uso uliufunika!

MWALIMU: Wenye ile programu ya masomo walitaka mifano yenye uhai. Walisema wanafunzi wamechoka na simba na nyumba inayoungua.

FUNDI: Si ungewaongezea simba!

MWALIMU: Ni watu wasiokujua, wifi. Wako huko kwao, wako mbali—

FUNDI: Mmoja hayuko mbali. Mmoja anaendeshwa kila asubuhi na kaka yako.

MWALIMU: Yule injinia?

FUNDI: Injinia huyo huyo. Anakaa kiti cha nyuma na simu yake, anajifunza. Likimshinda neno anamwambia dereva amtamkie. Sasa juzi limemshinda neno.

MWALIMU: Mungu wangu.

FUNDI: Kaka yako kaurudia mfano wa nne mara tatu, mkono kwenye usukani. Halafu injinia anamuuliza, eti huyu mume ametishia jana, au atatishia kesho? Mume wangu anamjibu nini hapo, wewe mwalimu?

MWALIMU: Umeyajuaje haya?

FUNDI: Kanisimulia mwenyewe, na mifano yote miwili kanisomea. Kanipigia asubuhi, anacheka. Kile kicheko chake unakijua. (mtandao unakatika) —pigia kwenye laini yangu mpya.

MWALIMU: Haloo? Inakata, sikukusikia.

FUNDI: Nimesema, kanipigia kwenye laini yangu mpya. Ile ambayo nilimpa mtu mmoja tu.

MWALIMU: Inakwaruza tena hii simu...

FUNDI: Wifi?

MWALIMU: Nipo.

FUNDI: Mtu mmoja.

MWALIMU: Alikuja kwangu jana. Alilia, wifi. Sijawahi kumwona kaka yangu akilia, hata baba alipofariki. Alisema anataka kukuomba msamaha basi, neno moja tu—

FUNDI: Ukampa namba.

MWALIMU: Nilimpa namba tu.

FUNDI: Tu?

MWALIMU: Mama naye ananiambia kila siku naharibu nyumba ya mwanawe. Wewe una ndugu zako. Mimi ninaye huyo mmoja. Ungefanya nini?

FUNDI: Ningenyamaza! Kunyamaza kuna ugumu gani? (anavuta pumzi) Haya, yaishe. Salio la watu linakwenda. Nilitoka kile chumba nilichojificha, juu ya duka, asubuhi baada ya ile simu, na begi moja. Cherehani nimeiacha juu kule, na kuna magauni matatu ya bibi harusi. Jioni hii napita kuchukua.

MWALIMU: Jioni hii?

FUNDI: Saa kumi na mbili. Kuna ubaya?

MWALIMU: Una haraka gani, wifi?

FUNDI: Nimekuuliza, kuna ubaya?

MWALIMU: Magauni si... yanaweza kusubiri. Chukua kesho.

FUNDI: Kwa nini kesho?

MWALIMU: Basi tu. Mvua.

FUNDI: Mvua gani, jua linawaka! Wifi, nakuuliza mara ya mwisho, na vidole vyangu hivi ndivyo vinavyonilisha. Nikipanda zile ngazi jioni, nitamkuta nani?

MWALIMU: (analia) Usiende.

FUNDI: Sema vizuri.

MWALIMU: Usiende, wifi! Nilimwambia duka la vitambaa, ghorofa ya pili. Ameomba ruhusa kwa injinia toka mchana. Nimempigia, hapokei. Nilikuwa nakutafuta, nakuapia, laini yako haipatikani—

FUNDI: Nimeitupa.

MWALIMU: Nilitaka kukuambia!

FUNDI: Nimekaa nawe kwenye simu muda wote huu. Umenieleza vitenzi. Umenieleza Wachina. Hilo nimeling'oa kwako kama jino.

MWALIMU: Niliona aibu. Wifi, nisikilize, yale masomo nayafuta, yote, usiku huu huu. Na cherehani nitaifuata mimi mwenyewe, nikuletee ulipo. Uko wapi?

FUNDI: (kwa mtu wa pembeni) Namalizia, ndugu yangu.

MWALIMU: Haloo? Uko wapi, nije?

FUNDI: Mwenye simu anataka simu yake.

MWALIMU: Niambie mtaa tu! Mimi ni wifi yako!

FUNDI: Najua. Unauliza kwa nia njema, nasikia. Ndiyo maana naogopa kukujibu.

MWALIMU: Nitakupataje sasa?

FUNDI: Hutanipata. Msalimie mama. Usimwambie nimepi—

MWALIMU: Haloo? Wifi? Haloo?