Nusukaputi Si Usingizi

Ndani ya basi, fundi cherehani alimwambia jirani yake wa kiti, muuguzi wa wodi ya upasuaji, kwamba keshokutwa anapasuliwa ngiri. Mpaka hapo atakesha akishona sare za shule.

“Usingizi nitaufidia kwenye meza ya upasuaji, dada. Si watanichoma nusukaputi?”

“Nusukaputi si usingizi, kaka. Wanaokuja wamekesha mara nyingi huzinduka na maumivu makali zaidi, na hukawia kupona.”

“Mwili wangu mgumu huu.”

“Wote husema hivyo kabla ya kupasuliwa.”

Fundi alicheka, akajishika kinena. “Shule zinafunguliwa Jumatatu. Watoto wavae nini?”

“Na ukilazwa mwezi mzima, sare za muhula ujao atashona nani?”

Basi lilisimama mbele ya karakana yake, sare zikimngoja ndani. Fundi naye akasimama, akashikilia kiti, asishuke.